Sauti ya Juu ya Ndugu Ratliff

Jumamosi, 21 Agosti 2004

Tumeanza kukata tumbaku, mimi na Tate, mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka arobaini na mbili na malalamiko ya mtu wa tisini. Huu ni msimu wangu wa mwisho. Nimesema hivyo miaka minne mfululizo, ila safari hii magoti nayo yamekubali. Fito mia na kumi za kutundikia ghalani, mimea sita kila ufito. Jua halikutuhurumia.

Jioni akaja Mwalimu Lorene Childress na keki ya tufaha. Mtu anayekuletea keki wiki ya kukata tumbaku ana lake jambo. Kumbe kamati yake imejenga jukwaa jipya kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, na wameamua liitwe Jukwaa la Ndugu Ratliff. Litazinduliwa tarehe sita Novemba. Wanataka mimi nikate utepe, kwa kuwa ni mjane wa mmoja wao.

"Kibao kitasemaje?" nikamuuliza.

"Denzil na Orbin Ratliff, sauti za milima yetu."

"Orbin hakuwa Ratliff."

"Ndivyo alivyojulikana lakini, Ovella."

"Mwalimu, nimelala na mtu yule miaka thelathini na tano. Mimi nilimjua kama Mullins."

Akainamia keki yake. Akasema jina la Ratliff ni la Denzil, kwa hiyo Denzil akikubali kibao kibadilishwe, kamati haina neno. Nikamwambia basi nitakwenda kwa Denzil, na jina la Mullins lisipokuwapo, utepe wao wataukata kwa meno.


Jumapili, 22 Agosti

Siku ya mapumziko, nimekaa kibarazani na daftari hili. Niandike mambo yalivyokuwa, maana waliobaki wanaoyajua tunahesabika.

Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni, kuanzia mwaka 1957, hakuna aliyebaki nje katika bonde letu. Nyumba yenye televisheni ilikuwa ya mjomba Estil peke yake, nasi tulijaa sebuleni mwake kama viazi guniani. Antena ilikuwa juu kilimani, waya umeshuka mti kwa mti. Upepo ukivuma picha inajaa chenga kama theluji, na kaka yangu anatumwa huko juu kuishika. Sisi tunapiga kelele dirishani: "Rudisha kushoto! Hapo hapo! Usipumue!" Maskini kaka yangu, aliushikilia muziki ule miaka mitatu na hakuuona hata siku moja.

Kipindi cha Ndugu Ratliff kilidhaminiwa na kampuni ya unga. Mama mmoja alioka mikate mbele ya kamera, na wanamuziki wakaila huku mtangazaji akisoma barua za wagonjwa. Mpiga besi alikuwa ndiye mchekeshaji, suruali pana, jino moja amelipaka masizi. Halafu Denzil na banjo yake, na Orbin na gitaa. Maikrofoni ilikuwa moja tu. Aliyetaka kuimba au kupiga peke yake aliingia, mwenzake akatoka, wakazungukana hivyo kwa kasi ile, na kofia zao hazikugusana kamwe. Mimi nilitazama miguu yao kuliko mikono. Mwisho ulikuwa wimbo wa Mungu, kofia zote zikavuliwa, na hapo Orbin aliisogelea maikrofoni kutokea kushoto, akapandisha ile sauti yake ya juu, nami nikahisi nywele za shingo zinasimama. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimpenda kabla hajajua kwamba nipo duniani.

Tulipokutana kwenye mnada wa tumbaku mwaka 1963, akaniambia anaitwa Orbin Mullins, nami nikamwambia ni mwongo, yeye ni Ratliff na mimi nimemwona kwa macho yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kampuni ya unga ilitaka ndugu, kwa sababu zama zile ndugu ndio waliouza unga. Mwaka huo huo alikuwa ameacha kuimba. Sababu hakunipa, nami niliamini Denzil ndiye aliyemfukuza ili abaki na jina peke yake. Hata kanisani hakuimba tena. Akiwa ghalani peke yake alipiga mluzi, akinisikia naja ananyamaza.


Jumanne, 24 Agosti

Fito tisini. Mgongo hautaki kuandika.


Ijumaa, 27 Agosti

Nimetoka kwa Denzil. Ana miaka sabini na tatu sasa, mkewe amekufa, anaishi na mizinga yake ya nyuki kule juu. Tangu nilipoolewa ananiita shemeji, nami namwita hivyo hivyo, ingawa sote tunajua ushemeji wetu ulitengenezwa na kampuni ya unga. Nilimpelekea mkate wa mahindi. Nikamweleza.

"Hapana," akasema.

"Hujanisikiliza hata."

"Nimekusikia, shemeji. Hapana. Kiandikwe kama ilivyokuwa kwenye televisheni."

"Wewe una hofu gani na jina la mtu? Au unaogopa watu wajue hukuwa na ndugu?"

"Wakijua, wakajua. Nina dada watano, hilo siyo siri."

"Basi nipe sababu."

Akafunika mzinga wake taratibu, kama vile mimi ni nyuki mmoja tu zaidi. "Sababu sina ya kukupa. Kunywa chai, au nenda ukakate tumbaku yako."

Nikaondoka bila kunywa chai. Mkate wangu nikauchukua nikarudi nao. Mtu aliyefanya kazi na mume wangu miaka sita hawezi kulitamka jina lake mara moja kwenye kipande cha shaba! Nitalipigania jina hili mpaka pumzi ya mwisho.


Jumatano, 1 Septemba

Tumbaku yote imetundikwa ghalani. Tate alianguka kutoka boriti ya pili akaangukia makalio. Akasema, "Shangazi, nimevunjika." Nikamwangalia. Hajavunjika.


Ijumaa, 3 Septemba

Nimefikiri usiku kucha wa jana na asubuhi nikampigia Mwalimu Lorene. Amesema wangependa kupiga kipindi kimoja siku ya uzinduzi ila hakipo. Stesheni ilikuwa ikirekodi juu ya kanda zile zile, wiki kwa wiki, na vingine vilirushwa moja kwa moja vikaisha hewani. Miaka sita ya Jumamosi na hakuna hata moja.

Lakini watu walikuwa na vinasa sauti. Lazima kuna aliyeweka chake mbele ya televisheni. Watu wakiisikia ile sauti ya juu wataulizana ni ya nani, na mimi nitakuwa nimesimama pale pale, na nitawajibu. Denzil hawezi kuniziba mdomo. Nimepeleka tangazo la kutafuta kanda kwenye gazeti letu, ambalo linawafikia hata waliohamia Ohio na Michigan viwandani, maana wale ndio wanaolisoma mpaka matangazo ya mazishi.


Alhamisi, 9 Septemba

Mvua.


Ijumaa, 17 Septemba

Mvua ya siku ya tatu mfululizo, mabaki ya kimbunga kutoka kusini. Ghalani majani yametota na yana harufu ya kuoza. Tate amefungua milango yote, tumewasha majiko mawili ya mkaa. Nikipoteza hii tumbaku ya mwisho nitaona nimefukuzwa, siyo nimestaafu.

Barua tatu za kujibu tangazo. Mmoja ana picha. Mwingine ana kanda lakini ni ya bendi nyingine kabisa. Wa tatu, mama wa Detroit, anasema alikuwa nayo nzuri sana, halafu akarekodi juu yake siku ya kuzaliwa ya mjukuu. Ananiomba radhi kurasa mbili.


Jumatatu, 20 Septemba

Jua. Mungu ni mwema, na majani yamepona isipokuwa yale ya kona ya kaskazini.


Jumamosi, 25 Septemba

Kifurushi kutoka Dayton, Ohio! Kimetoka kwa Wilma Sue Kiser. Wazazi wake walikaa kijito cha Caney, chini ya kwao Orbin, wakahamia Ohio mwaka 1961 yeye akiwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa jeshini Ujerumani, akarudi na kinasa sauti. Anaandika: "Mama aliandika juu ya boksi, Ratliff, Jumamosi, 1960. Sijawahi kuisikiliza, mashine yetu ilikufa zamani. Nakumbuka nyumba imejaa watu, na mzee mmoja aliyekuwa akija kila Jumamosi kuulizia ng'ombe wetu."

Nimelibusu boksi. Nitamkumbuka huyu mwanamke kwenye sala zangu.


Jumatatu, 27 Septemba

Mwalimu Lorene ana mashine ya zamani shuleni. Tulifunga mlango wa maktaba tukasikiliza.

Kwanza mtangazaji, na mikate, na kicheko. Halafu banjo ya Denzil, safi kama maji ya chemchemi. Kisha nyuzi zikatulia, nikajua sasa kofia zinavuliwa, sasa Orbin anaisogelea maikrofoni kutokea kushoto. Nikashika meza.

Na hapo mzee mmoja, ndani ya ile ile sebule ya akina Kiser, akaanza kuropoka! Yuko karibu na kinasa kuliko televisheni yenyewe. Kila mstari yeye anautangulia, anausema mbio mbio kwa kuuvuta puani, ndipo Orbin na Denzil wanauimba. Orbin wangu anasikika nyuma yake, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Mwanamke anamkemea, "Mzee, nyamaza basi, nanasa!" Naye anajibu, "Wewe nasa." Anaendelea mpaka mwisho. Na wimbo ukiisha, badala ya kushukuru, anakosoa: "Huyo wa kushoto kachelewa mstari wa tatu. Kila mara mstari wa tatu." Kisha kiti kinaburuzwa, mlango unafungwa.

Nililia kwa hasira. Miaka arobaini na minne kanda imenisubiri, na mlevi fulani ameikalia. Mwalimu Lorene aliuliza mafundi wawili kwa simu kama sauti ya mtu inaweza kuondolewa. Haiwezekani bila kumwondoa na Orbin.

"Tutaipiga ile sehemu ya mwanzo tu," akasema.

"Sehemu ya mwanzo ni banjo. Yaani ni Denzil."

Akazima mashine.


Jumamosi, 2 Oktoba

Majani ya chini yameanza rangi ya udongo mwekundu. Sijakwenda popote.


Jumapili, 10 Oktoba

Kibao kimefika. Mwalimu Lorene alikuja na picha yake. NDUGU RATLIFF, herufi kubwa, na chini yake DENZIL NA ORBIN. Shaba ya kumiminwa, haibadiliki. Amesikitika, nimeona, wala sikumgombeza. Nikamwuliza upana wa ile sehemu tupu ya chini. Vidole viwili, akasema.


Jumamosi, 16 Oktoba

Nilikuwa nimeapa sirudi kwa Denzil. Lakini nimeazima ile mashine, na moyo ulinisumbua wiki mbili: hata ikiwa imeharibika, ni Orbin, na aliye hai aliyesimama naye kwenye maikrofoni ile ni mmoja tu. Nikasema liwalo na liwe. Nikishampigia hiyo kanda, labda aibu itamfanyia kazi ambayo mimi nimeshindwa.

Nikamkuta anakula maharagwe. Nikaweka mashine juu ya meza bila salamu ndefu.

"Shemeji, nini tena?"

"Kula. Sikiliza."

Banjo ilipoanza alitabasamu kidogo, vidole vyake vikatembea mezani. Ulipofika wimbo wa Mungu na yule mzee akaanza, nikasema, "Samahani, kuna mlevi mmoja hapa, mvumilie." Denzil akaacha kutafuna.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena, shemeji."

Mara ya tatu akavua kofia. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa ile kampuni. Mzee wa kwenye kanda akamaliza na mstari wake wa tatu, na Denzil akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio mbele ya macho yangu.

"Alichelewa kweli," akasema. "Orbin alichelewa mstari wa tatu maisha yake yote."

"Denzil, huyo mzee ni nani?"

"Huyo? Huyo ni Mzee Landon."

"Landon yupi?"

"Baba mkwe wako, shemeji."

Mimi ni mtu wa kaunti ya pili. Mzee Landon Mullins alikufa kabla sijaolewa, na sauti yake sikuwahi kuisikia. Orbin hakupenda kumtaja. Nilijua tu kwamba aliongoza kanisa dogo la juu ya kijito cha Caney. Denzil ndiye aliyenieleza mengine, maharagwe yakipoa. Katika kanisa lile chombo cha muziki hakikuguswa. Kiongozi aliutaja mstari, waumini wakauimba kwa sauti zao tupu, mstari kwa mstari, kama alivyosikika kwenye kanda. Kiongozi ambaye mwanawe angeonekana akipiga gitaa kwenye televisheni, na kwa jina lake, angesimamishwa mbele ya watu kujibu.

"Orbin alikuja kwangu na gitaa ndani ya gunia la viazi," Denzil akasema. "Akaniambia, nitaimba nawe, ila jina la baba yangu lisipande jukwaani. Akaniapisha, mkono juu ya Biblia ya mama yangu. Nikampa jina langu. Mimi na dada watano, wote wameolewa wakachukua majina ya waume zao, jina lilikuwa la ziada pale nyumbani."

"Na kuacha kuimba?"

"Mzee alikufa Machi mwaka '63. Tumetoka makaburini Orbin akanishika koti. Akasema, nimemdanganya baba yangu mpaka kaburini, Denzil, mdomo huu hauimbi tena. Wewe ulidhani nilimfukuza."

"Nilidhani."

"Najua. Mkate wako wa mahindi umeniambia hivyo miaka arobaini."

Nikataka kucheka nikashindwa. "Kwa nini hukuniambia? Agosti nilikuja hapa nikakutukana!"

"Niliapa."

"Orbin amekufa miaka mitano!"

"Amekufa yeye. Kiapo alikiacha kwangu, hakuja kukichukua."

Nilimtazama Denzil, niliyemwita mwizi wa jina kwa mdomo wangu na moyoni mara elfu, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na chini ya aibu kulikuwa na uchungu mwingine. Mzee Landon alikuwa akishuka kijito kila Jumamosi kwa kisingizio cha ng'ombe wa watu, akakaa mbele ya televisheni, akamwimbisha mtoto wake mstari kwa mstari, akakosoa, akarudi kanisani akanyamaza. Na mtoto akanyamaza. Wote wawili wamekwenda, kila mmoja akimficha mwenzake kitu ambacho wote walikijua. Ningetoa shamba hili lote Orbin asikie dakika ile moja ya kanda.

"Na sasa?" nikamwuliza.

Denzil akajifuta uso na kofia. "Sasa nimejua mwenye jina, Mzee Landon, alisikia mwenyewe. Hakuna wa kumficha tena. Kibao kina nafasi?"

"Vidole viwili."

"Vinatosha," akasema, akarudia maharagwe yake.


Alhamisi, 28 Oktoba

Kavu. Majani yanavunjika ukiyagusa. Kuchambua hakuwezekani mpaka hewa ipate unyevu. Tate anasema tusubiri. Nimesubiri vya kutosha mwaka huu.


Jumamosi, 6 Novemba

Niandike kabla sijavua koti.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wengine wamelala njiani kutoka Ohio, na Wilma Sue mwenyewe alikuwapo, mwanamke mnene mwenye kicheko kizuri. Upepo baridi. Wapigaji vijana waliopanda walikuwa na maikrofoni sita, kila mtu na yake, wamesimama kama vigingi. Wanapiga vizuri lakini.

Mwalimu Lorene akapiga kanda. Hakukata chochote, nilimwomba aache yote. Mzee Landon alipoanza kuutaja mstari wa kwanza, vijana wakacheka, wakadhani ni kichekesho. Lakini mbele, kwenye viti vya wazee, niliona vichwa vinainuka kimoja kimoja. Mama mmoja wa Caney akaziba mdomo. Kufika mstari wa tatu hakuna aliyecheka.

Denzil akapanda na suti yake ya zamani. Hakuleta banjo. Alibeba kisanduku cha chuma.

"Mimi sina ndugu," akasema. "Sikuwahi kuwa naye. Niliimba miaka sita na Orbin Mullins, mtoto wa Mzee Landon Mullins wa Caney, ambaye mmemsikia sasa hivi. Jina langu nilimwazima. Leo namrudishia lake."

Akafungua kisanduku. Humo mlikuwa na vyuma vya kupigia herufi, alivyotumia miaka thelathini kutia alama kwenye zana za mgodini. Akapiga magoti mbele ya kibao, kile cha kamati, kinachong'aa, na mjumbe mmoja akasema, "Jamani, si ataharibu?" Mwalimu Lorene akamwambia anyamaze.

M. Akapiga nyundo, mlio ukaenda mpaka mlimani ukarudi. U. Ikalala kidogo. L, na L ya pili karibu mno na ya kwanza. I. Watu hawakupiga makofi wala kuongea. Walisimama wakavua kofia, mmoja mmoja, kutoka nyuma mpaka mbele. N.

Nafasi ilikuwa inakwisha. Denzil akanigeukia, jasho linamtoka katika baridi ile, akanyoosha nyundo.

"Hii ya mwisho yako, Ovella."

Siyo shemeji. Nikapiga magoti kando yake, magoti haya mabovu, yeye akashika chuma na mimi nikashika nyundo. Nilikuwa nalia na sikuona vizuri.

"Nitakuponda kidole," nikamwambia.

"Ponda," akasema. "Piga tu."

Nikapiga mara moja, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na S ikaingia.